Mtoto Amekwama Wapi? Mwongozo wa Kusoma kwa Wazazi na Walimu wa Tabora

Katika semina za walimu, vipeperushi vya shule na makundi ya wazazi ya WhatsApp kuna fundisho linalorudiwa sana: kwamba watoto wamegawanyika mafungu matatu, wa kuona, wa kusikia na wa kutenda, na kila mmoja akifundishwa kusoma kwa njia yake ataelewa upesi. Wa kuona apewe kadi na picha, wa kusikia aimbiwe, wa kutenda afinyange herufi kwa udongo. Ni fundisho lenye huruma ndani yake, na ndiyo maana linapendwa. Mzazi ambaye mwanawe amefika darasa la tatu bila kujua kusoma anaambiwa kwamba mtoto si mjinga, ila amefundishwa kwa njia isiyo yake. Sehemu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli tupu. Sehemu ya pili inampeleka mzazi pasipo. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mzazi huyo, kwa bibi na babu wanaolea wajukuu, na kwa mwalimu wa madarasa ya mwanzo kuanzia Igunga na Nzega hadi Kaliua na Sikonge. Hoja yake ni moja: watoto wanatofautiana kweli, lakini tofauti inayoamua nani atasoma haiko kwenye jicho, sikio wala mkono. Iko mahali mtoto alipokwama, na katika lugha aliyotoka nayo nyumbani. Mambo hayo mawili unaweza kuyapima leo jioni kwa karatasi na kalamu, na ukishayajua utajua pa kuanzia.

Tutazame kwanza ushahidi, kwa sababu fundisho la mitindo limeenea mno kulikataa kwa neno tu. Mwaka 2004 Frank Coffield na wenzake nchini Uingereza walikusanya nadharia za mitindo ya kujifunza wakapata 71, nyingi zikipingana zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler akiwa wa kwanza katika orodha yao, waliuliza swali jepesi. Je, yapo majaribio yaliyowagawa wanafunzi kwa mitindo yao, yakawafundisha baadhi kwa njia inayolingana na mtindo na wengine kwa njia isiyolingana, yakawapa wote mtihani mmoja, na yakakuta kwamba wa kuona walifaidika zaidi na picha huku wa kusikia wakifaidika zaidi na sauti? Bila jaribio la namna hiyo dai linabaki dai. Walikuta tafiti chache mno zilizofanywa hivyo, na kati ya hizo zipo zilizokanusha dai lenyewe. Hata Howard Gardner, ambaye kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu akili za aina nyingi hutajwa kana kwamba ndicho msingi wa fundisho hili, ameeleza waziwazi kuwa akili alizoziandika si mitindo ya kujifunza. Pamoja na hayo yote, takwimu alizozikusanya Paul Howard-Jones mwaka 2014 kutoka kwa walimu wa Uingereza, Uholanzi, Uturuki, Ugiriki na China zilionyesha kuwa zaidi ya 9 kati ya 10 wanaliamini. Mwalimu wa Uyui anayeliamini ana wenzake wengi duniani, wala hana sababu ya kuona haya. Ana sababu ya kuliacha, kwa kuwa muda wake na watoto ni mfupi na kila dakika inayokwenda kwenye kuwagawa vibaya imepotea.

Sababu ya ndani zaidi iko katika kazi ya kusoma yenyewe. Kusoma ni kuunganisha alama inayoonekana na sauti inayosikika. Mwanasayansi wa ubongo wa Ufaransa, Stanislas Dehaene, ameeleza kwa kina jinsi sehemu moja ya ubongo upande wa kushoto, iliyozoea kutambua sura na vitu, inavyofundishwa kutambua herufi na kuziunganisha na sehemu zinazoshughulikia usemi, na jinsi hali hiyo inavyofanana kwa wasomaji wa lugha na maandishi tofauti. Hakuna msomaji anayeona na kusikia anayesoma kwa sikio peke yake, wala anayesoma kwa jicho bila sauti kuitikia ndani. Sasa fikiria mtoto aliyebatizwa jina la "wa kusikia" akaimbiwa silabi mwezi mzima. Atazijua kwa wimbo, ataongoza darasa zima kwa sauti ya kupendeza huku macho yake yakiwa dirishani, na siku utakapoziba mstari wa juu kwa kiganja ukamwonyesha "ki" iliyo katikati ya ukurasa, atakuangalia. Yule wa "kuona" atakariri umbo la neno "kuku" pamoja na picha yake, na picha ikiondoka neno nalo limeondoka. Kila mtoto anahitaji kuona, kusikia, kutamka na kuandika kwa pamoja, juu ya herufi moja, katika dakika ileile. Udongo na nyimbo havina ubaya wowote; tatizo ni kumpa huyu udongo na yule wimbo.

Wenyeji wa Tabora, kwenye njia ya kale ya misafara, wana kumbukumbu inayotoa ushahidi wa aina yake. Katikati ya karne ya 19, Tabora, iliyojulikana wakati huo kwa majina ya Kazeh na Unyanyembe, ilikuwa kituo kikuu kati ya Bagamoyo na Ujiji, na pamoja na pembe na vitambaa msafara ulileta Kiswahili, Uislamu na maandishi. Barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zilisafiri baina ya pwani na bara. Hata Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Tabora, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili katika herufi hizo. Ujuzi huo ulipitia chuoni, yaani madrasa ya Kurani. Mtoto wa chuo aliona herufi kwenye ubao wake, akaitamka pamoja na irabu yake kwa sauti, akasikia wenzake wakiitamka, akaiandika kwa mkono wake. Hakuna aliyemuuliza kama yeye ni wa kuona au wa kusikia. La kutazama zaidi ni mpangilio: kelele ilikuwa moja, lakini kila mtoto alikuwa na somo lake. Mwenye miaka 12 aliweza kuwa kwenye herufi na mwenye miaka 7 akawa ameshaingia kwenye sura. Mwalimu alimsikiliza mmoja mmoja, na asiyeshika la jana hakupewa la leo. Wakubwa waliwashikia wadogo. Ukiondoa fimbo, ambayo haikuwa na sababu wakati ule wala haina sasa, mpangilio huo wa kuanzia pale mtoto alipo ndio tafiti za leo zinaoupendekeza.

Chuo hichohicho kinatuonya pia. Wengi walitoka wakiwa na uwezo wa kutamka ukurasa mzima wa Kiarabu bila kuelewa maana yake, kwa sababu hawakuijua lugha. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer waliliweka jambo hili katika hesabu fupi: uwezo wa kusoma ni uwezo wa kutambua maneno ukizidishwa kwa uwezo wa kuielewa lugha inayosomwa. Wamesema kuzidisha, si kujumlisha, na hapo ndipo penye uzito. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri hata kingine kikiwa kikubwa kiasi gani. Hesabu hii inaueleza mkoa wa Tabora kuliko nadharia yoyote ya mitindo. Mtoto wa Ng'ambo, Kanyenye au Isevya mjini amezaliwa ndani ya Kiswahili. Anapoingia darasa la kwanza kazi yake ni moja, kujifunza alama za lugha anayoijua. Mtoto wa kijiji cha ndani huko Uyui au Sikonge, ambaye nyumbani ni Kinyamwezi au Kisukuma kutwa, ana kazi mbili kwa wakati mmoja: alama, na lugha ambayo alama hizo zinaiandika. Wakikaa dawati moja na wa pili akawa kimya, ni rahisi mtu kusema huyu ni mtoto wa vitendo, hapendi kusikiliza. Anasikiliza sana. Ila anachokisikia hakijawa na maana kwake.

Basi pima. Chukua karatasi, andika kwa herufi kubwa zilizo wazi silabi sita bila mpangilio: tu, ma, so, ki, be, nya. Chini yake andika maneno matano: kuku, maji, asali, embe, ng'ombe. Chini yake andika sentensi moja fupi, kwa mfano "Baba ameleta maji kwa baiskeli." Upande wa pili andika hadithi fupi kama hii: "Bibi ana mizinga mitatu msituni. Jana alikwenda kurina. Mizinga miwili ilikuwa na asali. Wa tatu nyuki walikuwa wamehama. Bibi alirudi na ndoo mbili." Kaa na mtoto peke yenu, pasipo wadogo zake wa kumcheka, mwanzishe kwenye maneno, umpandishe akiweza na umshushe akishindwa. Usimsahihishe, usimharakishe, usikunje uso. Akimaliza hadithi muulize maswali mawili: bibi ana mizinga mingapi, na kwa nini hakurina mzinga wa tatu. Kisha fanya jambo ambalo wapimaji wengi hulisahau: msimulie hadithi nyingine ya urefu huohuo kwa mdomo, kwa Kiswahili, na umuulize maswali kama yale. Akishindwa kujibu hata aliyoyasikia, tatizo liko kwenye lugha. Akijibu vizuri aliyoyasikia lakini akashindwa kuyasoma, tatizo liko kwenye alama. Huu ndio mgawanyo wenye faida. Upimaji wa silabi, neno, aya na hadithi si mgeni kwetu. Watafiti wa mpango wa Uwezo waliutumia wakienda nyumba kwa nyumba kuanzia mwaka 2010 nchini Tanzania, Kenya na Uganda, na mwaka huo wa kwanza walikuta kwamba ni kama watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu nchini mwetu walioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili.

Aliyekwama kwenye silabi ndiye anayehitaji uvumilivu mkubwa, na ndiye anayedhuriwa zaidi na desturi ya kuimba a, be, che. Majina ya herufi yana kazi yake, lakini kwa anayeanza yanamchanganya: anaona b na a, anasema "be-a", halafu anashangaa kwa nini mwalimu anataka "ba". Mfundishe sauti. Funga midomo, iachie kidogo, mwonyeshe jinsi b inavyozaliwa, kisha iunganishe na a bila kuacha pengo. Kabla ya kuandika chochote chezeni kwa masikio: taja maneno matatu, maji, meza, kuku, aseme lipi halianzi kama mengine, piga makofi kwa kila silabi ya jina lake na ya majina ya nduguze. Halafu chukua mchanga wa uani, ausawazishe kwa kiganja, achore m kwa kidole huku akitamka sauti yake, afute, achore tena, aongeze a, asome ma. Jicho lake linaangalia, mdomo unatamka, sikio linasikia, kidole kinakumbuka. Dakika kumi zinatosha, herufi moja au mbili kwa siku, na kila siku mrudie za jana kwa kuzichanganya ili asisome kwa wimbo. Akigeuza b ikawa d, usishtuke wala usiseme ana ugonjwa. Watoto wengi wanaoanza hufanya hivyo, kwa kuwa jicho limezoea kwamba kikombe ni kikombe hata ukikigeuza upande. Muda na kuandika kwa mkono huirekebisha hali hiyo kwa walio wengi.

Silabi ndiyo mtaji wa Kiswahili, na hapa tuna bahati ambayo Waingereza hawana. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya ukakuta kwamba katika lugha nyingi ambazo herufi hutamkwa vilevile kila mara, watoto huimudu hatua ya mwanzo kabla ya mwaka wa kwanza wa shule kwisha, huku wanaojifunza kwa Kiingereza wakihitaji zaidi ya mara mbili ya muda huo. Kiswahili ni cha kundi la kwanza. Lakini kina maeneo yake magumu, na wataalamu Katie Alcock na Damaris Ngorosho walionyesha mwaka huohuo, kwa kuchunguza makosa ya watoto, kwamba kuandika hata lugha yenye tahajia ya namna hii si kazi nyepesi. Chukua m. Katika mbuzi, m imeshikamana na b, na makofi ni mawili: mbu-zi. Katika mbu, mdudu anayeleta malaria, makofi ni mawili pia, m-bu, kwa kuwa m inasimama peke yake. Mtoto anayesoma "mubu" au "mutoto" ameisikia m ikisimama akaitafutia irabu. Ana sikio zuri, anahitaji tu kuonyeshwa kwamba Kiswahili kinaruhusu m ikae bila irabu. Fundisha mba, mbe, mbi, mbo, mbu na nda, nde, ndi, ndo, ndu kama familia kamili, baada ya silabi nyepesi kushikwa na si kabla.

Kuna la kwetu la magharibi linalostahili kukaliwa zaidi. Kwa mtoto ambaye wengi wetu tunamlea, l na r ni kama sauti moja, kwa sababu lugha ya nyumbani haizitenganishi kwa namna Kiswahili kinavyozitenganisha. Atasoma karamu akaandika kalamu, atasema mahari akimaanisha mahali. Mara nyingi huchekwa, na kuchekwa hufunga mdomo. Kumkemea hakumsaidii, kwa kuwa hasikii tofauti unayomkemea juu yake. Anza na sikio: wewe tamka kula na kura, yeye ainue mkono wa kulia kwa moja na wa kushoto kwa nyingine, bila kusema neno, mpaka akose mara chache tu. Kisha mdomo: l ncha ya ulimi inakaa nyuma ya meno, r ulimi unatetema. Mwisho kalamu. Upande mwingine mtoto huyuhuyu ana utajiri wake. Ng' ya ng'ombe, inayowasumbua wageni wa Kiswahili, kwake ni sauti ya kila siku. Imo katika majina ya watu na mahali pake. Ukianza naye kwa jina lake mwenyewe lenye Ng', atagundua kwamba maandishi yanamjua, na hapo umepata msomaji anayetaka kuendelea.

Hapo ndipo anaposimama mzazi au mwalimu anayesema kilugha kitamharibia mtoto Kiswahili chake, na zipo shule ambako mtoto akikisema anaadhibiwa. Hofu hiyo inaeleweka, maana mtihani ni wa Kiswahili. Lakini ile kazi ya masikio, ya kujua kwamba neno linavunjika vipande na kipande cha kwanza kinaweza kufanana na cha neno jingine, haina lugha maalumu. Anayeijua katika Kinyamwezi ataihamishia kwenye Kiswahili bila gharama. Hadithi aliyoisikia kwa bibi kwa Kinyamwezi ikirudiwa kesho yake kwa Kiswahili tayari ana ramani yake kichwani, na maneno mapya yanapata pa kukaa. Kwa hiyo mtoto ambaye kipimo chako kimeonyesha kwamba shida yake ni lugha, usimwongezee silabi. Mwongezee mazungumzo: simulizi kila jioni, vitendawili, kumtuma dukani na ujumbe wa maneno mengi, kumwuliza kwa nini na halafu ikawaje. Tabora ilikuwa miongoni mwa mikoa ya EQUIP-T, mpango ulioanza mwaka 2014 kwa fedha za Uingereza, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuandaa watoto kabla ya darasa la kwanza kupitia wasaidizi wa kijijini na hadithi za kusimuliwa, hasa kule ambako Kiswahili si lugha ya nyumbani. Bibi asiyejua kusoma anaweza kuifanya kazi hiyo, na kuifanya vizuri kuliko mwenye shahada asiye na muda.

Aliyekwama kwenye maneno au sentensi anahitaji kitu kingine kabisa: wepesi. Anasoma "a-me-le-ta" kwa jasho, na anapofika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Dawa yake ni kusoma kifungu kilekile kifupi mara tatu, siku hiyohiyo: mara ya kwanza msome pamoja ukifuatisha kwa kidole, mara ya pili peke yake, mara ya tatu amsomee mdogo wake. Vitabu vikikosekana, maandishi hayakosekani. Kuna mfuko wa mbolea, tangazo la chama cha ushirika (AMCOS), ujumbe wa simu, kijitabu cha nyimbo za kanisani, gazeti lililofungiwa vitumbua. Mji huu umewahi kulisha nchi nzima vitabu kutoka mitambo ya uchapaji ya wamisionari, na vyenye alama ya T.M.P. Tabora bado vimo katika masanduku ya wazee, vitoeni. Kwa anayesoma hadithi nzima lakini hajibu kwa nini bibi hakurina mzinga wa tatu, acha kumsomesha kwa sauti. Msimamishe kila baada ya sentensi mbili akueleze kwa maneno yake.

Mwalimu atauliza: nina watoto zaidi ya 100 darasani, nitampima nani na kumfundisha nani? Swali ni la haki, hasa tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 na madarasa ya mwanzo yakafurika. Jibu la kwanza ni kwamba kuwapanga kwa kiwango ni kazi ndogo kuliko kuwapanga kwa mitindo, kwa kuwa kipimo kinachukua dakika chache kwa mtoto na makundi hayazidi manne. Jibu la pili ni ushahidi. Nchini India shirika la Pratham lilijaribu pamoja na Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao kuwatenga kwa saa kadhaa za siku watoto walioachwa nyuma, wakafundishwa stadi za mwanzo na wasaidizi kutoka jamii ileile, na matokeo yao yakapanda. Banerjee na Duflo walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Michael Kremer. Karibu zaidi na sisi, Duflo, Kremer na Pascaline Dupas walifuatilia shule 121 za magharibi mwa Kenya ambako darasa la kwanza liligawanywa kuwa mikondo miwili. Katika shule zilizogawa kwa uwezo wa kuanzia, watoto walifanya vizuri zaidi kuliko zilizogawa kwa bahati nasibu, na hao wa chini walinufaika pia, kwa kuwa mwalimu alifundisha mahali walipokuwa. Nusu saa kwa siku inatosha kuanza. Watoto wa darasa la tano na la sita wanaosoma vizuri wawashikie wadogo, kama ilivyokuwa chuoni, na wewe ukae na kundi la silabi, maana hilo haliwezi kuachiwa mtoto mwenzao.

Wengine watasema kugawa kwa kiwango kunamwaibisha aliye chini. Kunaweza, kukifanywa vibaya. Kundi lisiitwe la wazito, lisikae nyuma, na lisiwe la kudumu: pima upya kila baada ya wiki sita, na watoto waone wenzao wakihama. Aibu ya kukaa miaka saba mbele ya kitabu usichoweza kukisoma ni kubwa kuliko hiyo, na hakuna anayeipima. Wapo pia watakaosema, mbona mwanangu anapenda kuchora na dada yake anapenda kuimba? Ni kweli, na kupenda kuna nafasi yake. Kutumie kuchagua cha kusoma: anayependa mpira asome majina ya wachezaji, anayefuatana na baba kwenye mizinga asome habari za nyuki. Kupenda kunamfanya mtoto akae. Hakubadilishi njia ambayo herufi inaingia kichwani. Njia hiyo hubadilika tu kwa watoto wasioona au wasiosikia. Kwa hao mlango ni tofauti kwelikweli, na wanastahili walimu waliosomea nukta nundu na lugha ya alama. Tabora ina historia ya heshima katika hilo, kwa kuwa shule ya viziwi iliyoanzishwa hapa na Kanisa Katoliki mwaka 1963 ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini.

Kati ya wanaosikia vizuri na viziwi wako wengi wa katikati, nao ndio wanaopotea. Ikiwa umempima mtoto, ukaanzia alipo, ukakaa naye dakika 20 karibu kila siku kwa wiki sita bila kusogea, usitafute mtindo wake wala usimwongezee masaa. Simama nyuma yake hatua chache, umnong'oneze amlete paka au alete kikombe, uone kama anageuka. Muulize kama sikio limewahi kutoa usaha. Mwonyeshe neno ubaoni kutoka dawati la nyuma, kisha lilelile karibu, ulinganishe. Ukiona mashaka mpeleke zahanati, na uombe rufaa ya kwenda Kitete, hospitali ya mkoa, wampime macho na masikio. Hesabu pia siku alizokosa shule msimu wa tumbaku, kuanzia kupandikiza hadi kukausha kwenye mabani, kwa kuwa silabi zilizofundishwa wiki hizo hakuzikuta aliporudi na hakuna aliyemrudishia. Ziandike kwenye karatasi pamoja na kile alichoweza na alichoshindwa katika kipimo chako, umpe mwalimu wake mkononi, na umwombe amkalishe mbele mpaka majibu ya hospitali yatoke.